Uvimbe kwenye titi: upi salama, upi kansa, na wanajuaje?

Hapa Kigoma ukimwambia mtu una uvimbe kwenye titi utapata majibu mawili. Wa kwanza atasema hiyo kansa tayari. Wa pili atakuuliza, unauma? Ukisema hauumi anakwambia basi achana nao. Wote wamekosea ila huyu wa pili ndo hatari zaidi, maana kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi hata kidogo, vinavyouma sana ni jipu la mama anayenyonyesha au yale maumivu ya kabla ya hedhi, matiti yote mawili yanajaa yanakuwa mazito, siku zikianza yanapoa.

Sasa maana yenyewe. Uvimbe salama ni ule unaokua lakini unabaki kwenye mipaka yake, hauingii kwenye nyama za jirani wala hausafiri. Kansa ni ile inayopenya, inaingia kwenye mishipa ya limfu na ya damu, inafika kwapani na baadae kwenye mifupa, mapafu, ini. Saizi haihusiki hapo. Kuna mabinti wana uvimbe mkubwa kama limao na ni salama kabisa, na kuna kansa ya sentimita moja.

Uvimbe mwingi wa titi sio kansa, hasa kwa wasichana. Unaoongoza kwa vijana unaitwa fibroadenoma, ni laini pembeni, ukiubonyeza unakimbia chini ya kidole, na wengine wanao miaka bila shida yoyote. Kwa wanawake wa miaka 35 mpaka 50 hivi kuna mifuko ya maji, daktari akivuta na sindano unanywea palepale. Kuna mafuta ya titi yaliyokufa baada ya kugongwa, hii inasumbua kwasababu inakuwa ngumu na inavuta ngozi, inaigiza kansa kabisa. Na chuchu ikitoa majimaji yenye damu kwenye tundu moja mara nyingi ni kinyama kidogo tu ndani ya mfereji wa maziwa, lakini hiyo lazima ichunguzwe, usisubiri.

Kuhusu wanaonyonyesha niseme kidogo zaidi. Titi likiwa jekundu, la moto na homa juu, kawaida ni bakteria, unapewa antibayotiki na unaendelea kunyonyesha, usiache, maziwa yakikaa ndani ndo linazidi. Kama kuna jipu usaha unavutwa. Lakini ikipita wiki moja mbili na dawa umemeza vizuri na titi bado jekundu, ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa, usikubali kuandikiwa dozi ya tatu hivihivi. Kuna kansa inayokuja na sura hiyohiyo ya titi lililowaka, na akina mama wanaonyonyesha ndo wanaochelewa kwasababu kila mtu anasema ni maziwa tu.

Dalili nyingine za kukufanya uende haraka: uvimbe mgumu usiosogea, ngozi kuingia ndani, chuchu iliyokuwa nje kugeuka ndani (kama umezaliwa nayo hivyo sio tatizo), chuchu kuwa na ukurutu usiopona kwa mafuta, au vitezi kwapani.

Wanajuaje sasa? Hapa ndo watu hawaelewi. Vidole peke yake havitoshi, hata vya daktari bingwa. Kuna hatua tatu na zote zinasomwa pamoja.

Ya kwanza ni kuulizwa na kupimwa kwa mikono. Umri wako, uvimbe umeuona lini, unabadilika na hedhi, na kwenye ukoo nani aliugua, na usitaje upande wa mama tu, shangazi zako pia wamo, vinasaba vya BRCA vilivyoharibika, vinavyoongeza hatari ya kansa hii, mtu anaweza kurithi kwa baba. Kisha unavua juu, unakaa unainua mikono, unalala, yanapimwa matiti yote mawili na kwapa na juu ya mtulinga. Mtu akikugusa juu ya blauzi akakwambia uko poa, hujapimwa.

Ya pili ni picha. Chini ya miaka 40 kawaida wanaanza na altrasaundi kwasababu titi la binti limejaa tezi, kwenye mamogramu (eksirei ya titi) tezi zinaonekana nyeupe na uvimbe nao mweupe, vinafichana. Kuanzia 40 mamogramu inasaidia, mara nyingi vyote viwili. Kwenye karatasi ya majibu unaweza kuona BI-RADS, yaani kipimo cha kupanga mashaka ya picha, na namba. 1 hakuna kitu, 2 ni salama, 3 inaelekea salama ila urudi kuangaliwa, mara nyingi baada ya miezi 6, 4 inatia mashaka inatakiwa kipande cha nyama kipimwe, 5 ni karibu hakika ni kansa. 0 haimaanishi uko salama, maana yake picha haijatosha.

Ya tatu ni nyama yenyewe. Unachomwa ganzi, wanaingiza sindano nene yenye springi, utasikia "tak", inakata kipande chembamba, wanarudia mara kadhaa. Vipande vinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama), sio maji wala kukaa vikavu, vitaharibika. Kichupa kiandikwe jina lako na titi la upande gani, angalia kwa macho yako kabla hujatoka. Kama hospitali uliyopo hawasomi nyama, kinasafirishwa, na hapo ndo majibu yanapotelea, kwaiyo uliza kimeenda wapi na unarudi lini. Hayo maneno kwamba ukiguswa na sindano kansa inasambaa yamewaua wengi kuliko sindano, watu wanakaa nyumbani mpaka uvimbe unapasuka.

Halafu hizo tatu ziseme kitu kimoja. Mama wa miaka 52, uvimbe mgumu, ngozi imevutwa, picha imesoma 5, halafu majibu ya nyama yanasema mafuta ya kawaida. Familia inashangilia. Hapana jamani, hapo sindano inawezekana imekosa uvimbe, inarudiwa. Binti wa miaka 19, uvimbe unakimbia, picha 2, huyo mara nyingi anafuatiliwa tu na hata kisu hahitaji. Na ukifanyiwa upasuaji, kilichotolewa kipelekwe maabara hata kama daktari ana uhakika, kutoa na kutupa ni kosa kubwa na bado linatokea.

Ikiwa kansa, ile nyama inapimwa tena vipokezi vya homoni na HER2 (protini za kwenye seli za kansa), ndo wanajua dawa ipi itafanya kazi. Kwa sisi wa huku, kutoka hospitali ya mkoa ya Maweni rufaa inaweza kukupeleka hospitali ya Bugando Mwanza au ya kansa ya Ocean Road Dar, na Dar kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, usifike mikono mitupu ukaanza upya. Beba majibu ya maandishi, picha, na omba ile bloku ya nta yenye nyama yako. WHO kwenye mpango wao wa 2021 wanataka uchunguzi wote uishe ndani ya siku 60 tangu ufike kituoni mara ya kwanza, kwaiyo ukiona mwezi wa tatu unaingia bado unaambiwa njoo kesho, dai.

Wanaume nao wanapata, ni kama mmoja kwenye kila wagonjwa mia wa kansa ya titi. Kaka mwenye kidonge kigumu chini ya chuchu upande mmoja anapita hatua hizohizo tatu, aibu aiache nje ya geti.