PC mpya inavuma kwenye spika na prosesa inachemka? Anzia hapa kabla hujanunua kitu

Mimi kazi yangu ni kuunganisha na kurekebisha PC za mezani, na mashine ikiwa bado mpya kabisa malalamiko yanayonifikia mara nyingi ni haya mawili: spika zinatoa kelele za ajabu, na prosesa inachemka. Mtu anakuja tayari ameshaagiza pesti mpya (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa), kadi ya sauti mpya, saa nyingine hadi pawa saplai mpya. Mimi namwambia tulia kwanza. PC iliyofungwa juzi ikianza kusumbua, kosa mara nyingi liko kwenye namna ilivyofungwa au ilivyosetiwa, vipuri vyenyewe vizima, na kulikamata inabidi ujiulize hili tatizo linabadilika na nini. Linabadilika ukisogeza mausi? Ukichomoa waya fulani? Ukifungua gemu? Ukitoa ubavu wa kesi? Badilisha kitu kimoja, sikiliza au angalia, ndo uende kingine, maana ukibadilisha vitatu kwa mpigo hata likiisha hutajua ni kipi kilikuwa kinasumbua na likirudi unaanza upya.

Tuanze na kelele. Chomoa spika na hedifoni kabisa. Kama bado unasikia mluzi mwembamba unatoka ndani ya kesi, hiyo sio sauti ya spika, ni koili za kadi ya grafiki au za pawa saplai zinatetemeka umeme mwingi ukipita. Utaisikia zaidi kwenye menyu ya gemu ambapo kadi inachora fremu mamia kwa mamia bila sababu yoyote, kwaiyo weka kikomo cha fremu kilingane na skrini yako na mara nyingi mluzi unapungua sana. Haiharibu kitu. Usifungue kadi kwa ajili ya hilo.

Kama kelele iko ndani ya spika au hedifoni, na inabadilika ukisogeza mausi, ukiskroli au ukifungua gemu, hapo unasikia umeme wa madabodi (ile bodi kuu ya PC) na kadi ya grafiki umeingia kwenye njia ya sauti. Mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni tundu la mbele la kesi. Ule waya wake mwembamba unatoka mbele, unapita chini ya kadi ya grafiki na pembeni ya waya za umeme, alafu unaenda kuchomekwa kona ya chini ya madabodi, na mara nyingi hauna kinga ya maana. Chomeka hedifoni hiyohiyo tundu la nyuma, lile la kijani. Kelele ikiisha umeshapata jibu: tumia la nyuma, au upitishe ule waya upya mbali na kadi na waya za pawa. Watu wanaruka hili jaribio kwa sababu linaonekana dogo mno, wakati halikugharimu hata senti.

Ukiwa umeshafungua kesi, angalia pia zile nguzo ndogo za shaba zinazobeba madabodi. Kila nguzo lazima ikae chini ya tundu la skrubu. Ikiwepo ya ziada mahali ambapo madabodi haina tundu, inagusa solda kwa nyuma, na hapo kelele ndo tatizo dogo, unaweza kuunguza madabodi nzima.

Alafu kuna ule mvumo mzito usiobadilika hata ufanye nini kwenye kompyuta. Huo ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi uliyopo, na mara nyingi unakuja kwa sababu PC na spika zako, au amplifaya, kila kimoja kina njia yake ya ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), alafu waya wa sauti unaziunganisha na kufanya mzunguko. Jaribu hivi: acha spika zikiwa zimewaka, chomoa waya wa sauti kwenye PC. Mvumo ukiisha, chomeka waya huohuo kwenye laptopu inayotumia betri. Kama kumetulia, basi ni huo mzunguko. Hatua ya kwanza ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, tumia waya wa optiko kama madabodi na spika vina tundu lake, maana mwanga haubebi umeme, au weka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha sauti. Kadi ya sauti ya USB inasaidia wengi, ila ujue inakula umeme wa USB ileile na ethi yake ni ileile ya PC, kwaiyo kwa mzunguko wa ethi inaweza isibadilishe kitu kabisa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: usikate pini ya ethi na usitumie adapta ya kuiruka ili mvumo uishe. Pawa saplai ina kapasita za kuchuja umeme zilizoungwa na bodi ya kesi, na ethi ikikosekana kesi inaweza kukaa na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, utasikia kama kutekenywa ukigusa chuma, ila pawa saplai ikipata hitilafu siku hiyo hamna kitu cha kukulinda. Tena mvumo ukipungua pale unapogusa kesi kwa mkono, hiyo ni dalili kwamba soketi yenyewe inaweza kuwa haina ethi, mwite fundi umeme aipime.

Kukwaruza na kukatika kwa sauti ni habari nyingine, hapo usihangaike na waya. Sauti inayokatika vipande vipande kwa kawaida ni draiva, ile programu inayoendesha kifaa. Washa programu ya LatencyMon, iache huku unapiga muziki, itakuonyesha draiva gani inachelewesha mfumo. Mara nyingi nakuta ya Wi-Fi au ya kadi ya grafiki. Sasisha hiyo, na uweke draiva ya sauti kutoka kwa mtengenezaji wa madabodi badala ya ile Windows iliyojiwekea. Kama shida ni maiki kutoa mlio wa "shshsh" kwa nguvu, punguza busti yake kwanza, ikiwa desibeli 20 au 30 inapandisha kila takataka iliyoko kwenye waya, hata feni za kesi zinaingia.

Sasa joto. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na wati, piga Cinebench, ile ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa dakika 10, na usiangalie digrii peke yake, angalia na wati prosesa inazokula. Hili ndo watu hawalifanyi. Prosesa ikiwa digrii 95 huku inatumia wati 80 chini ya kula kubwa ("cooler", kile kipoozeo cha prosesa), tatizo liko kwenye mgusano: kula haijakaa sawa, skrubu zimekazwa upande mmoja, au ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa chini yake. Hiyo nailoni naikuta kila mara. Toa, futa kwa spiriti ya isopropili, weka pesti tone la ukubwa wa punje ya njegere, alafu kaza skrubu kwa msalaba kidogo kidogo.

Joto likipanda polepole dakika hadi dakika, na ukitoa ubavu wa kesi linashuka vizuri, basi hewa haizunguki. Angalia feni zimeelekea wapi: upande wenye vile vyuma vinavyoshika mota ndo hewa inapotokea, na nimeona kesi ambazo feni zote zinaingiza hewa na hamna hata moja inayotoa. Kwa kula ya maji, hakikisha pampu imepata umeme kamili na haijakaa sehemu ya juu kuliko yote kwenye mzunguko, maana hewa itajikusanya humo na pampu itaanza kunguruma.

Ukikuta digrii 95 na wati ni nyingi kweli, inaweza isiwe hitilafu. Ryzen 7000 nyingi, prosesa za AMD, zimetengenezwa zifike 95 kazi ikiwa nzito, na Intel nyingi za mezani kikomo chake ni 100. Ila madabodi nyingi za Intel, hasa za kabla ya 2024, zilitoka kiwandani zikiwa zimefungulia umeme bila kikomo, kwenye BIOS (seting za madabodi yenyewe) unakuta imeandikwa wati 4096, wakati Core i9-13900K kikomo chake cha Intel ni 253. Rudisha hicho kikomo, au kwenye Ryzen washa Eco Mode ya wati 65, seting ya kupunguza umeme. Kasi inayopotea mara nyingi ni ndogo, joto linashuka, na feni zikishatulia rudi upime tena ule mlio wa maiki, maana kuna watu wanaufukuza kwenye waya kumbe ulikuwa ni feni.