Dume Anayejikamua Mkojo Usitoke Hasubiri Jumatatu

Maswali haya ya mkojo wa mbwa naulizwa kila mara, na mengi yanaulizwa mgonjwa ameshachelewa. Nawajibu zaidi wenye mbwa wa ulinzi, wale wanaofungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku.

Mbwa mzima hukojoa mara ngapi?

Mara tatu hadi tano kwa siku, mkojo wa manjano hafifu, ukitoka mfululizo. Dume hunyanyua mguu mara nyingi zaidi akiweka alama kila nguzo, na huo si ugonjwa. Wasiwasi uanze akitoa kidogo kidogo kila saa, ukiona damu, au akikaa mkao wa kukojoa muda mrefu na chini pabaki pakavu.

Mbwa naye hupata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo?

Hupata, na majike ndio zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi. Bakteria wa kwenye kinyesi hupanda hadi kibofuni. Utamwona anajilamba sana sehemu za siri, anaomba kutoka kila mara, mkojo unanuka. Inatibika vizuri, ila si kwa vidonge vitatu vya antibayotiki vilivyobaki kwenye droo baada ya mtoto kupona kifua.

Na vijiwe?

Ni madini ya mkojo yaliyogandana kibofuni. Maambukizi yasiyotibiwa huvichochea. Jike mara nyingi hukipitisha kijiwe kidogo kikatoka. Dume ana shida: mrija wake ni mrefu, mwembamba, na unapita kwenye mfupa ulio ndani ya uume. Kwenye mfupa huo njia haitanuki, na nyuma yake tu ndipo kijiwe hukwama.

Dume wangu anajikamua tangu jana. Si amefunga choo tu?

Ndivyo karibu wote wanavyodhani, na ndivyo mbwa wanavyokufa. Kwa mbali mkao unafanana, kwa hiyo mtu anamnywesha mafuta ya kula au maziwa na kungoja. Acha. Mtoe nje, simama karibu, utazame mkojo unatoka au hautoki. Kama hautoki, hiyo ni dharura ya leo.

Lakini matone yanatoka.

Matone si mkojo. Kibofu kimejaa hadi kimeumuka, na kinachotoka ni kile kinachopenya pembeni ya kijiwe. Mbwa huyo hajakojoa.

Ni Jumamosi jioni. Nisubiri Jumatatu?

Hapana. Mkojo ukizibwa, uchafu ambao figo zingeutoa unarudi kwenye damu. Madini ya potasiamu kwenye damu yanapanda, na yakizidi moyo hupoteza mapigo yake hadi ukasimama. Kwanza atakataa chakula, kisha atatapika, kisha atalala asitake kuinuka. Siku mbili tatu zinatosha kumuua, na wengine hawafiki huko.

Na kama ameacha kuhangaika na sasa amelala kimya?

Basi umechelewa zaidi, hajapona. Mlete sasa hivi.

Nikimpa maji mengi, au dawa ya kukojosha, si atasukuma?

Atasukuma wapi, na njia imefungwa? Unaongeza mkojo kwenye kibofu kisicho na pa kuutolea. Wala usimkamue tumbo kwa mikono; kibofu kilichojaa hivyo kinaweza kupasuka. Daktari atampitisha mpira wa mkojo, mara nyingi akiwa amepewa dawa ya usingizi, na kujaribu kukirudisha kijiwe kibofuni kwa maji ya dripu. Kisha ni eksirei, na huenda upasuaji. Gharama ipo, sikatai, lakini aliyewahi hulipa kidogo kuliko aliyeletwa siku ya tatu.

Kwa maumivu nimempa diklofenaki.

Tafadhali, tafadhali, msiwape. Diklofenaki na ibuprofeni za watu zinachoma tumbo la mbwa na kuumiza figo, nazo figo zake hapo tayari zimeelemewa. Usijaribu na panado pia. Dozi ya mtu haipunguzwi kwa kukadiria ukubwa wa mbwa.

Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ni kibofu?

Angalia masikio na katikati ya vidole. Ukikuta kupe, na fizi zimepauka, na mwili unachemka, huenda ni ugonjwa wa kupe unaovunja chembe za damu. Huyo naye ni wa leo.

Mkojo wa mbwa unaweza kutuambukiza?

UTI yake ya kawaida isikutie hofu. Leptospirosisi ndiyo ya kuhofiwa, hii iliyozuka Lindi mwaka 2022 tukaijua kwa jina la homa ya mgunda. Mbwa huipata kwenye maji au chakula kilichokojolewa na panya, naye huitoa kwenye mkojo wake. Oshea banda ukiwa na glavu na buti. Chanjo yake ipo na hurudiwa kila mwaka. Ile ya kichaa cha mbwa haimkingi na hili.

Banda lina uhusiano gani na kibofu?

Mkubwa. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo hubana mkojo tangu alfajiri hadi mfungue lango jioni. Huku bakuli lake limekauka tangu saa nne asubuhi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja kwa siku, na zaidi kwenye joto la Dar es Salaam. Mtoeni hata mara mbili mchana. Mlinzi yupo, kijana wa bustani yupo, kamba ipo.

Nikifika kwa daktari niseme nini?

Mara ya mwisho kumwona akikojoa kweli ni lini, kama ametapika, na kila ulichompa, hata kile unachoona aibu kukitaja. "Sijampa kitu" ni jibu ninalolisikia sana, na nusu saa baadaye mtoto wa nyumbani anataja vidonge. Njoo na pakiti yake.