Ripoti ya Mteja wa Siri Haiombewi

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, fedha huanza kuzunguka Mtwara na Lindi kwa kasi isiyoonekana miezi mingine. Foleni kwa mawakala wa fedha hurefuka, vituo vya mafuta hujaa bodaboda, maduka huchelewa kufungwa. Huo ndio wakati wenye kampuni na wenye maduka wanapotaka kujua wateja wao wanahudumiwaje, na ndio wakati taasisi yetu inapotuma wateja wa siri wengi zaidi, yaani watu wanaohudumiwa kama mteja yeyote kisha wakajaza fomu kueleza walivyohudumiwa. Malalamiko nayo hufika wakati huohuo. Safari hii yamezidi, na yanatoka pande zote mbili: wenye biashara wanasema ripoti zinanunuliwa, wateja wa siri wanasema hawaachwi wafanye kazi yao. Kitengo changu ndicho kinachohakiki ripoti hizo kabla hazijaenda kwa aliyeziagiza. Naandika kwa ujumla. Makala haya hayahusu zoezi lolote linaloendelea sasa.

Kazi yenyewe mnaijua, sitaieleza. Ila kuna mambo nimeyarudia kwenye kila mafunzo, Masasi, Newala, Lindi mjini, na bado yanarudi. Mteja wa siri si polisi. Hakamati mtu, hafungi duka, hatumwi na TRA kukagua kodi wala na TAKUKURU kusaka rushwa. Malipo yake hayapandi akiandika mabaya na hayashuki akiandika mazuri; analipwa kwa ripoti kamili, basi. Na hakuna ada ya kujiunga. Anayekuambia utume kwanza elfu ishirini ya usajili ndipo upewe kazi ni tapeli, na sielewi kwa nini kila msimu tunalazimika kulisema upya.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike: shinikizo la kubadilisha ripoti. Nitoe mfano mmoja, nikiacha majina na wilaya.

Tulimtuma binti mmoja kwa wakala wa fedha akatoe shilingi 50,000. Alipanga foleni kama wengine, akatoa. Wakala, binti wa rika lake, alimchangamkia vizuri, kisha akamwambia floti siku hizi ni ya shida, aongeze elfu moja. Akaongeza. Ujumbe ulioingia kwenye simu ulionyesha makato ya mtandao peke yake. Elfu ile haikuwemo popote. Mteja wetu akaenda kukaa kwenye benchi la mama lishe, akajaza fomu. Swali la 14 linauliza kama wakala alidai chochote nje ya makato rasmi. Akajibu "Ndiyo". Ilikuwa saa nane na robo mchana. Saa tatu usiku jibu hilohilo likawa "Hapana".

Wateja wetu wengi hawajui kwamba mfumo hautunzi jibu la mwisho tu. Unatunza kila jibu na saa lililoandikwa. Kesho yake nikampigia, wala hakukana. Wakala alikuwa amemtilia shaka kwa sababu mteja wetu alimuuliza jina lake mara mbili; wakala akaulizia mtaani, na jioni mjomba wa mteja wetu akaja nyumbani. Wenyeji wa huku mnajua maana yake. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ukoo unafuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kumwambia "tutaongea kesho". Alikaribishwa, akanywa chai, akauliza hali ya watoto, ndipo akasema, "Mpwa wangu, elfu moja tu ndiyo umtilie mwenzako mchanga kwenye kitumbua chake?"

Hakumtisha. Hakumpa hata senti. Alimwomba tu, na binti akaona aibu.

Nikisema shinikizo, watu huwaza bahasha na vitisho. Vipo, nitavifikia. Lakini katika ripoti ninazozirudisha, kinachoharibu nyingi ni huruma, na huruma ina sura nzuri hivi kwamba anayeifuata haoni kama amesema uongo. Anaona ameokoa mtu. Tuliposoma ripoti za wengine waliotumwa kwenye vibanda vingine vya tajiri aliyemwajiri wakala yule, elfu moja ilikuwa kila mahali. Yule binti wa kibandani alikuwa ameagizwa. Ile "Hapana" ya saa tatu usiku haikumkinga yeye. Ilimkinga tajiri wake, ambaye angeendelea kuchota elfu moja kwa kila bibi aliyetoka shamba kuchukua fedha za korosho zake.

Watu wa mikoa hii hawahitaji mtu wa kuwafundisha hili, maana wanaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bakuli badala ya mizani. Bakuli linaitwa kilo huku limebeba zaidi ya kilo, na mkulima anapunjwa mbele ya macho yake. Anayelishika bakuli mara nyingi ni kijana wa kijijini hapohapo, mtoto wa fulani, tunamjua. Mwenye bakuli hayupo. Kila anayemwonea haya yule kijana na kunyamaza anamsaidia asiyekuwepo.

Na kwa wanaohofia mtu kufukuzwa: mikataba yetu na waagizaji inasema ripoti ya mteja wa siri haiwi sababu pekee ya kumwachisha mhudumu kazi. Jina halitafutwi kwa kumhoji mtu. Linasomwa kwenye beji, na kama hakuna beji, andika "hakuna beji". Binti wetu angefuata hilo tu, mjomba asingekuja.

Kuhusu bahasha. Wengi wanaamini rushwa ni mambo ya ofisi za serikali, na kwamba soda, vocha au "nauli ya kurudia" kutoka kwa msimamizi wa duka ni ukarimu. Si ukarimu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine akashawishiwa kulifanya kinyume. Mteja wa siri anafanya kazi kwa niaba ya aliyemtuma. Kosa ni la anayepokea, ni la anayeomba hata kama hakupewa, na ni la anayetoa au kuahidi hata kama kilikataliwa. Adhabu yake kwa kifungu hicho ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Simu ya TAKUKURU ni 113, haitozwi. Anayeogopa kutoa taarifa afahamu pia kwamba tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi.

Lipo na shinikizo la upande wa pili, la kutaka duka lianguke. Mshindani anakunong'oneza, au wewe mwenyewe uliwahi kukosana na mwenye duka. Kama una undugu, deni, ugomvi au biashara na mahali unapotumwa, sema kabla hujapokea kazi. Miji kama Nachingwea au Newala watu wanajuana, ndiyo maana tunapenda kumtuma wa Masasi Lindi na wa Lindi Masasi. Kukataa kazi kwa sababu hiyo hakukupunguzii chochote kwetu.

Wengine hawashinikizwi na mtu. Wanashinikizwa na jua na umbali, wanaamua kuandika ripoti wakiwa nyumbani. Hao tunawagundua. Bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina bei zake. Mmoja alituandikia kuwa alinunua petroli Jumatano hiyo asubuhi kwa bei fulani, risiti "imepotea". Bei ile ilikuwa ya mwezi uliotangulia. Nilimuuliza rangi ya sare za wahudumu, akakata simu. Mwingine alituma picha ya risiti iliyobadilishwa tarehe kwa programu ya simu. Huyo nilimweleza kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kughushi kwa kompyuta, na kwamba uhalali wa risiti ya mashine ya kielektroniki unahakikiwa kwenye mfumo wa TRA kwa namba iliyochapwa chini yake.

Hapo hapo niwatetee wakweli wanaojiponza kwa saa. Risiti huandika 10:12, ninyi mnaandika "saa 4:12", na mhakiki asiye makini anadhani mlikwenda alfajiri. Andika kama ilivyo kwenye risiti, 10:12, kisha ongeza "saa nne asubuhi". Ukitoka dukani saa 9:05 alasiri, risiti inasema 15:05, andika 15:05. Tumerudisha ripoti nzuri kwa sababu hiyo tu, na waliorudishiwa wakadhani tunawatuhumu.

Msirekodi sauti wala kupiga picha za wahudumu kisha mkazirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nanyi si waandishi wa habari. Fomu inatosha.

Mwisho kuna jambo ambalo wenzangu ofisini wangependa nilipite kimya. Shinikizo huweza kutoka kwetu. Mwagizaji hafurahii alama za tawi lake, anampigia msimamizi wetu, msimamizi anakupigia wewe: "Hebu iangalie tena ile sehemu ya usafi." Sikilizeni tofauti. Tunaruhusiwa kukuuliza ufafanue: sakafu ilikuwa chafu vipi, ulikuwa umesimama wapi, ulikaa dakika ngapi. Haturuhusiwi kukuambia jibu liwe lipi. Akikuambia "weka nne badala ya mbili", mwombe aandike ombi hilo kwa ujumbe, na usibadilishe. Ujumbe huo utume kwenye kitengo cha uhakiki, si kwake.

Kwa yote haya ipo fomu fupi ya taarifa ya shinikizo, ukurasa wa mwisho wa kila kazi kwenye simu yako. Ina mstari mmoja: nani, lini, alisema nini. Mjomba anaingia humo kama anavyoingia meneja, na jina lake halitoki kwenye kitengo. Ijaze kabla hujatuma ripoti. Ukiijaza baada ya kutuma, inabidi tusimamishe ripoti nzima na kumtuma mtu mwingine dukani upya. Yule binti aliijaza siku ya pili, akarudisha "Ndiyo" yake, na safari hii tumempangia Kilwa.