Malik Al-Sayf: mhusika mdogo wa Assassin's Creed

Malik Al-Sayf ni mhusika msaidizi katika Assassin's Creed, gemu ya kwanza ya mfululizo huo, iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2007. Kisa ni cha mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba. Mchezaji humwongoza Altaïr, muuaji wa siri kutoka ngome ya Masyaf nchini Syria. Malik humwongozi hata dakika moja, na ndiyo sababu anaitwa mhusika mdogo.

Mdogo, ila si bapa. Mwanzoni yeye, mdogo wake Kadar na Altaïr wanaingia Hekalu la Suleimani kutafuta hazina. Altaïr, kwa kiburi chake, anamvamia Robert de Sablé, mkuu wa watawa-askari wa Hekalu (Templars). Mambo yanaharibika: Kadar anauawa, Malik anarudi Masyaf na hazina mkononi, lakini mkono wake wa kushoto umeharibika na baadaye unakatwa. Altaïr ananyang'anywa cheo chake.

Tangu hapo Malik anasimamia ofisi ya siri ya Yerusalemu, kwa cheo kiitwacho “rafiki” (rafiq), yaani msimamizi wa ofisi. Unaingia kwa kushuka kupitia tundu la paa, unamkuta nyuma ya meza na ramani zake. Unamweleza ulichokipeleleza, naye akiridhika anakupa unyoya wa kuchovya katika damu ya unayekwenda kumuua. Kwa hiyo yule uliyemkosea ndiye anayekupa ruhusa ya kufanya kazi! Ziara ya kwanza anakujibu kwa kejeli tupu. Za baadaye anaanza kukusikiliza. Mchezaji makini atapima mabadiliko ya Altaïr kwa sauti ya Malik kuliko kwa mapanga.

Kilele ni pale Altaïr anapomwomba msamaha. Malik anaukataa, kwa hoja kwamba mtu aliye mbele yake siye yule aliyeingia naye hekaluni, hivyo hana la kuombea radhi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kupita zote katika gemu nzima. Baadaye Malik anakwenda mwenyewe hekaluni, anapata maandishi yanayofichua usaliti wa kiongozi wao, Al Mualim, kisha anafika Masyaf na watu wa kumsaidia Altaïr.

Kihistoria Malik hakuwepo. Robert de Sablé alikuwepo kweli, aliongoza watawa-askari hao hadi 1193, ingawa gemu inamuua huko Arsuf mwaka 1191. Ikiwa hata mtu wa kweli anabadilishiwa kifo, wa kubuni ndiyo kabisa: katika Assassin's Creed: Revelations ya 2011, Malik anasingiziwa kumuua Sef, mtoto wa Altaïr, anafungwa, kisha anauawa.