Kifuko cha maji kwenye ini la mbuzi: vinasaba vinasema ni tegu gani?

Mkaguzi wa nyama amekuta vifuko vyenye maji kwenye ini na mapafu. Ni nini?

Mara nyingi ni kifuko cha hidatidi, yaani hatua ya uchanga ya tegu wa jamii ya Echinococcus. Tegu aliyekomaa huishi kwenye utumbo wa mbwa. Ana urefu wa milimita 2 hadi 7 tu, kwa hiyo mwenye mbwa hamwoni. Mayai hutoka na kinyesi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huyameza wakila majani au kunywa maji, na kifuko hukua taratibu kwa miezi na miaka. Mbwa akitupiwa kiungo chenye kifuko hai, mzunguko huanza tena. Binadamu akimeza mayai hayo, naye hupata vifuko. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani kulingana na idadi ya watu. Ugonjwa huu upo pia Umaasaini, Kenya na Tanzania.

Nikila ini lile nitaambukizwa?

Hapana. Anayeambukizwa kwa kula kifuko ni mbwa. Wewe unaambukizwa kwa mayai yaliyotoka kwa mbwa: mikononi, kwenye maji, kwenye manyoya yake. Wengi hulikwepa ini, kisha wanamtupia mbwa aliyekaa mlangoni mwa machinjio. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kama vifuko vyote vinafanana, kwa nini tuhangaike na vinasaba?

Kwa sababu kinachofanana kwa macho si kimoja. Zamani wote waliitwa Echinococcus granulosus. Leo wamegawanywa katika spishi kadhaa, na makundi yao ya vinasaba yamepewa namba. G1 ni wa kondoo hasa, na duniani kote ndiye anayepatikana kwa karibu asilimia 88 ya wagonjwa ambao tegu wao amepimwa vinasaba. G5, Echinococcus ortleppi, ni wa ng'ombe. G6 ni wa ngamia, na mbuzi pia humbeba. Huyu naye huwaambukiza watu, na nchini Sudan ndiye anayetawala. Turkana wote wawili, G1 na G6, wamepatikana kwa watu, G1 akiwa wa mbele.

Chukua ng'ombe mwenye kifuko kikubwa. Kikiwa cha G1, kwa kawaida ni tasa: kina maji, hakina vichwa vya tegu ndani, kwa hiyo mbwa akikila hapati kitu. Kikiwa cha G5, mara nyingi kwenye mapafu, kimejaa vichwa hai. Idadi ya ng'ombe wenye vifuko peke yake haikuambii nani anawalisha mbwa ugonjwa. Ukijua kundi na ukijua kama kifuko kina uzazi, unajua uanzie kwa kondoo, ngamia au ng'ombe.

Sampuli inachukuliwaje machinjioni?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kabla hata ya maabara.

Vaa glavu na miwani, maana kifuko kina shinikizo na hurusha maji. Andika aina ya mnyama, umri, alikotoka na kiungo. Osha kifuko kwa nje, kisha vuta maji kwa bomba la sindano yenye tundu kubwa. Yaache yatulie dakika 10. Chembe nyeupe zikitua chini kama mchanga, weka tone kwenye hadubini: ukiona vichwa vidogo vyenye duara la kulabu, kifuko kina uzazi. Ongeza tone la rangi ya eosini ya asilimia 0.1, vichwa vilivyokufa hugeuka vyekundu, vilivyo hai hubaki bila rangi.

Kisha pasua, bandua utando mweupe wa ndani, kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kitie kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, iliyo angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Kesho yake badilisha ethanoli, kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu na sampuli huoza ndani ya chupa. Kila kifuko chupa yake na kisu chake, hata kama vyote vimetoka kwenye ini moja, kwani mnyama mmoja anaweza kubeba makundi mawili. Andika lebo kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na chupa 40 zisizo na majina ni taka.

Usitumie fomalini. Inafaa kwa kuangalia tishu, lakini huvunjavunja vinasaba. Vifuko vilivyokauka na kuwa kama chokaa navyo mara nyingi havitoi jibu.

Maabara hufanya nini?

Huyeyusha takriban miligramu 25 za tishu kwa kimeng'enya, kwa nyuzi joto 56, husafisha vinasaba, kisha huzidisha kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi, kipande cha jeni ya mitokondria, mara nyingi cox1 au nad1. Mitokondria huchaguliwa kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi sana, hivyo tishu kidogo yatosha. Kipande husomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na kumbukumbu za wazi. PCR ikigoma ilhali tishu ni nzuri, mara nyingi kosa huwa ni damu ya ini inayozuia kimeng'enya cha PCR. Kuzimua vinasaba mara 10 kwa maji safi mara nyingi hutatua. Kila awamu iwe na chupa ya maji matupu. Ikitoa jibu, uchafu umeingia, na majibu yote ya siku hiyo yatupwe.

Mayai kwenye kinyesi cha mbwa hayatofautiki kwa hadubini na ya tegu wengine wa mbwa wa jamii ya Taenia, wakiwemo wanaoleta vifuko kwenye ubongo wa kondoo, ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo. Vinasaba vya yai moja tu vinaweza kuwatenganisha. Tahadhari: ethanoli na friza ya kawaida haziui mayai haya. Kinyesi kigandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri kwa wiki nzima kabla ya kufunguliwa.

Majibu yanabadilisha nini kwa mgonjwa?

Kwa sasa, kidogo. Daktari huamua kwa ultrasaundi, akiangalia kifuko kiko hatua gani: dawa ya minyoo ya albendazoli, kufyonza kwa sindano maalumu, upasuaji au kusubiri.

Na kwa mfugaji?

Ratiba ya dawa ya mbwa. Prazikwanteli ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 hupewa miligramu 100. G1 huanza kutoa mayai karibu siku 45 baada ya mbwa kula kifuko, ndiyo maana dawa kila wiki 6 humkata. G5 hukomaa mapema, karibu siku 35, hivyo majibu yakisema G5, wiki 6 ni nyingi. Toa kila wiki 4. Dawa huua tegu, haiui mayai: mfunge mbwa siku 2, kinyesi kichomwe au kifukiwe shimo refu. Maini na mapafu yenye vifuko yafukiwe hivyo hivyo, au yachemshwe dakika 30 hadi 40 tangu maji yaanze kutokota.