Je, wajua kwa nini mkazi wa Dar hapigi kura ya meya?

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Buguruni au Mbagala hukabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haimo. Mwenyekiti wa mtaa, yule anayekugongea muhuri kwenye barua ya utambulisho, unamchagua mwenyewe. Mstahiki Meya, mwenye joho na mkufu shingoni, anachaguliwa na wengine ukumbini.

Sheria ya serikali za mitaa kwa mamlaka za miji, ya mwaka 1982, inawapa madiwani kazi ya kumchagua meya kutoka miongoni mwao. Wanaopiga kura ni madiwani wa kata, wale wa viti maalumu na wabunge wa eneo husika. Kwa hiyo chama chenye madiwani wengi huwa kimeshampata meya kabla kikao hakijafunguliwa, na mchuano wa kweli huishia kwenye vikao vya chama.

Mara moja moja hesabu hukaribiana, na hapo ndipo utaratibu huu unapoonekana ulivyo. Baada ya uchaguzi wa 2015, vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani, vilikuwa na madiwani wengi Dar. Uchaguzi wa meya wa jiji ukaahirishwa mara kadhaa huku watu wakivutana kuhusu nani ana haki ya kupiga kura. Ulipofanyika Machi 2016 katika Ukumbi wa Karimjee, Isaya Mwita wa Chadema alishinda kwa kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Jiji la mamilioni ya watu, na kura zote hazikufika mia mbili! Januari 2020 wajumbe wa baraza la jiji wakampigia kura ya kutokuwa na imani naye, ukazuka ubishi kama theluthi mbili ilitimia, na mwisho wake aliondoka.

Mwaka uliofuata hata kiti chenyewe cha meya wa jiji zima kiliondoka. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja Baraza la Jiji, Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wakongwe hawakushangaa sana. Halmashauri za miji zilishawahi kufutwa miaka ya 1970 na kurudishwa 1978, na mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa, likawekwa chini ya tume ya Charles Keenja hadi 2000.

Sasa, tungemchagua meya sisi wenyewe, angekuwa na nguvu? Wanaharakati wengi hudhani jibu ni ndiyo. Mimi nasema tutazame kwanza Kampala. Erias Lukwago alichaguliwa na wananchi moja kwa moja mwaka 2011. Lakini sheria mpya ya jiji ilikuwa imeshaweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, naye ndiye aliyeshika bajeti na watumishi. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumng'oa Lukwago, kesi zikafuata. Wananchi wakamchagua tena 2016 na 2021, na bado funguo za hazina hazikuwa mikononi mwake.

London ni kinyume chake. Ken Livingstone alishinda mwaka 2000 kama mgombea binafsi baada ya chama chake cha Labour kumsimamisha mtu mwingine. Nyuma yake kulikuwa na sheria ya 1999 iliyompa meya mamlaka juu ya usafiri wa jiji. Ndiyo maana Februari 2003 aliweza kuwatoza wenye magari pauni 5 kwa siku kuingia katikati ya jiji.

Ukirudi Dar, jiulize meya angetoza nini na nani angemtekelezea. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, maji yako DAWASA, mabasi ya mwendokasi yako DART, na zote hizo ni taasisi za serikali kuu. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huitegemea, hapa tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: unanunua umeme dukani kwa Mangi, uniti zinapungua, na pesa inakwenda Hazina. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zake, anateuliwa na Rais. Meya anaongoza vikao vya baraza, lakini barua ya uteuzi wa mtendaji wake mkuu haina saini yake.

Kuna sababu nyingine ya wananchi kutopewa kura ya meya, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Mkoa huu una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022. Meya aliyechaguliwa na wote hao angekuwa na kura nyingi kuliko mbunge yeyote nchini, na hakuna Ikulu inayolala usingizi mnono na mtu wa namna hiyo jirani. Pale Madagaska, Marc Ravalomanana alitoka umeya wa Antananarivo hadi urais mwaka 2002. Mwaka 2009 akaangushwa na Andry Rajoelina, naye aliyekuwa meya wa mji huohuo.

Leo Dar ina mameya watano: wa Jiji (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mafuriko ya Mto Msimbazi yakipita kwenye mipaka ya halmashauri zaidi ya moja, anayeweza kuwaita wote mezani ni Mkuu wa Mkoa, na yeye pia huteuliwa na Rais.