Zabibu zimeiva rangi, sukari bado

Leo asubuhi nimezunguka shamba langu la zabibu nyekundu hapa Hombolo, Dodoma, na kipimo cha sukari mkononi. Nilichuma punje moja moja, begani mwa kichala na nchani, upande wa jua na wa kivuli, nikakamua. Za juani zimesoma Brix 18, yaani takriban asilimia 18 ya sukari. Za kivulini, 15. Zabibu ya mvinyo nataka ifike 21 au zaidi, kwa hiyo sivuni, ingawa rangi imekolea na jirani zangu wameshaanza kutafuta kreti.

Zabibu si ndizi wala embe. Ukishaikata haiivi tena. Utamu iliokatwa nao ndio huohuo itakaofika nao kiwandani.

Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ufaransa baridi huulaza mzabibu miezi kadhaa, lakini baridi yetu ya Julai haiwezi kuulaza, kwa hiyo mkasi ndio unaoamua: ukipogoa, unachipua. Mimi nilipogoa mwishoni mwa Aprili. Mavuno ya Februari na Machi hukutana na mvua, sukari ikawa hafifu na ubwiri vinyoya, ukungu unaopenda majani yaliyolowa, ukatamba. Haya ya Agosti na Septemba ndiyo ninayoyategemea.

Ila kiangazi nacho kina ugonjwa wake, na hapa ndipo wakulima wengi tunapoumia. Mvua ikikatika tunaweka bomba la dawa stoo. Ubwiri unga, ndio ukungu huo wa kiangazi, hauhitaji jani lililolowa. Unapenda kivuli na kaubaridi, na hivyo vyote vipo Juni chini ya majani yaliyosongamana. Mwezi huo niliinua jani nikakuta punje changa, ukubwa wa pilipili manga, zimepakwa unga wa kijivu. Ganda la punje kama hiyo hukakamaa huku nyama ya ndani ikiendelea kukua, mwisho linapasuka, nzi wanaingia. Nilipiga salfa mapema kabla jua halijawa kali, nikapunguza majani yanayofunika vichala, upande wa mashariki tu. Wa magharibi sikuugusa, maana jua la alasiri la huku hubabua punje. Mistari miwili nilichelewa kuifikia, na hiyo nimeshaiandika hasara.

Mvua ziliwahi kuisha mwaka huu, hivyo punje ni ndogo. Kwa mvinyo hiyo ni neema: ganda ni jingi ukilinganisha na maji, na rangi yote imo kwenye ganda. Kwa mfuko wa mkulima ni pigo, kwa sababu tunalipwa kwa kilo. Naamini kabisa bei ingepaswa kufuata sukari. Anayesubiri wiki mbili zaidi, akipambana na ndege, asilipwe sawa na aliyekata mbichi.

Maji ya matone nimeyapunguza tangu wiki iliyopita. Jumamosi napima tena, na nitatafuna mbegu: zikiwa bado kijani, mkasi unabaki ndani.